Nani Alibeba Maji ya Barafu? Kisa cha usiku mmoja katika milima ya Chisos

Chupa ya nusu lita ilichukua dakika 25 kujaa. Niliipima kwa saa ya mkononi, nimechuchumaa juu ya jiwe lililoshika umande wa barafu. Tone, halafu tone, halafu kimya kirefu hadi nikadhani basi imekwisha, halafu tone tena. Hiyo ndiyo Boot Spring, chemchemi tuliyoitundikia safari nzima ya siku 3. Nyuma yangu, kambini, walikuwapo watu 3 waliojifunika kila walichokuwa nacho, maji lita 5, na kati yao kijana mmoja ambaye hakuwa amekojoa kwa muda wa saa 18.

Kila ninapokisimulia kisa hiki napewa jibu lilelile: "Si mngebeba maji ya kutosha?" Ni kweli, wala halinisaidii. Maji ya kutosha tulikuwa nayo, dumu zima la lita 20, limelala ndani ya buti ya gari. Ninachotaka kukichambua ni jinsi watu wazima 4 wenye akili zao, mmoja muuguzi na mmoja aliyefika kilele cha Kilimanjaro mara 2, walivyopanda mlima wa jangwani na maji ya siku moja na ushee, huku mabegi yao yakiwa na filimbi 3.

Mahali penyewe

Chisos ni milima iliyojikusanya katikati ya Hifadhi ya Taifa ya Big Bend, kusini-magharibi mwa Texas, pale mto Rio Grande unapopinda ukiitenga Marekani na Meksiko. Hifadhi ilianzishwa mwaka 1944 na ukubwa wake unapita kilomita za mraba 3,200. Chini kote ni jangwa la Chihuahua: miiba, changarawe, vumbi jeupe. Ukianza kupanda, mandhari hugeuka kwa namna inayolaghai macho. Inakuja mireteni, misonobari, mialoni, na ndani ya korongo la Boot inasimama misipresi mirefu yenye vivuli vya kanisa. Wataalamu huita milima ya aina hii visiwa vya angani. Miti hiyo ni masalia ya zama za baridi. Jangwa lilipotanuka, yenyewe ilikimbilia juu ikabaki huko, imezungukwa na ukame kama kisiwa kinavyozungukwa na bahari.

Mtu aliyekulia Arusha akiona msipresi, akili yake inamwambia papo hapo kwamba mfereji hauko mbali. Kijani cha Chisos hakina mfereji. Mizizi inanyonya kwenye nyufa za miamba, mahali ambapo binadamu hawezi kuingiza kikombe.

Kule juu hakuna kambi kwa maana tuliyoizoea. Kuna viwanja vidogo arobaini na kitu, vimetawanyika kando ya njia, kila kimoja na jina la eneo na namba yake. Unakata kibali cha kiwanja fulani kwa usiku fulani, na huruhusiwi kulala kwingine kwa sababu tu miguu imechoka. Ukifika unakuta kipande cha ardhi kilichosawazishwa na sanduku la chuma la kufungia chakula ili dubu asikipate. Moto wa kuni ni marufuku. Jiko la gesi ruksa. Vyoo vipo sehemu chache. Bomba hakuna hata moja.

Bomba la mwisho liko bondeni, panapoitwa Basin, kwenye mwinuko wa mita 1,645 hivi, gari linapoishia. Na hata maji ya bomba hilo hayakutoka hapo: husukumwa kwa mashine kutoka chemchemi nyingine iliyo chini zaidi. Laiti tungelijua hilo mapema, huenda lingetustua kidogo. Wenye hifadhi wenyewe wanayapandisha maji mlimani kwa nguvu za mashine.

Mpango, au kilichoitwa mpango

Tulikuwa 4: mimi, kaka yangu, mkewe, ambaye nitamwita Shem kama ninavyomwita, na mdogo wetu wa mwisho, Dogo, miaka 19, aliyekuwa na miezi michache tu Marekani. Ilikuwa Machi, wiki ya mapumziko ya vyuo, wakati ambao Big Bend hujaa kuliko wakati mwingine wowote wa mwaka. Viwanja vyenye sifa kwenye ukingo wa kusini-mashariki, pale mlima unapokatika ghafla juu ya jangwa, vilikuwa vimefungwa, maana kuanzia Februari hadi mwisho wa Mei kozi huzaa kwenye magenge yale na watu huzuiwa. Tukapata vilivyobaki: usiku wa kwanza korongo la Boot, usiku wa pili ukingo wa kusini-magharibi, kisha kushuka kwa njia ya Laguna Meadows.

Korongo la Boot lilinifurahisha kwa sababu moja. Chemchemi iko palepale, na ramani inaionyesha. Nilikuwa nimeona mtandaoni picha za maji yanayotiririka safi kabisa, nikapiga hesabu: tunabeba maji ya kutufikisha, tunajaza Boot Spring, tunaendelea. Baadaye sana ndipo nilipozirudia zile picha kuangalia tarehe. Zilikuwa za Septemba. Mvua za huko hunyesha zaidi kati ya Mei na Oktoba. Sisi tulikwenda Machi, miezi mitano baada ya mvua kukatika. Ni sawa na mtu kuona picha ya mto wa Dodoma iliyopigwa masika, akaufuata kiangazi na ndoo.

Tena tulionywa. Mama wa hifadhi aliyekuwa dirishani alituambia wazi tusiitegemee chemchemi. Nilimsikia. Lakini nilimsikia kama ninavyosikia yale maneno ya haraka mwishoni mwa tangazo la dawa, kwamba huyu analinda kazi yake. Katika makosa yote ya safari ile, hili ndilo linalonikera mpaka leo, kwa kuwa halikuhitaji ujuzi wowote kuliepuka. Lilihitaji swali moja tu la nyongeza: "Lini mara ya mwisho mtu wenu aliiona, na ilikuwaje?"

Kuhusu Kaka, naomba nimtendee haki. Si mtu wa majivuno. Ila kilele cha juu kabisa cha Chisos, Emory, kina mita 2,385. Kibanda cha Mandara, anapolala mgeni wa njia ya Marangu usiku wake wa kwanza kabisa Kilimanjaro, kiko juu ya mita 2,700. Mtu aliyesimama Uhuru, mita 5,895, ukimwonyesha namba za Chisos atacheka, na Kaka alicheka. "Huu mlima mzima ungeingia chini ya Mandara," akasema. Hesabu yake ilikuwa sahihi. Kosa ni kwamba alipima ugumu wa mlima kwa urefu wake, wakati urefu haukuwa shida yetu hata kidogo.

Woga wa Dogo ulikuwa dubu. Ukiufikiria, una mantiki. Sisi wa Afrika Mashariki hatuna dubu. Watu hulala hemani Seronera, katikati ya Serengeti, fisi wakipita kando ya turubai, na asubuhi wanakunywa chai. Lakini fisi tunamjua, ana hadithi zetu, tumekua naye. Dubu ni mgeni, na mgeni usiyemjua desturi zake anatisha zaidi. Dubu weusi wa Chisos waliwahi kutoweka kabisa kwa miongo kadhaa, wakarejea wenyewe kutoka milima ya Meksiko mwishoni mwa miaka ya 1980. Dogo alikuwa ameisoma habari hiyo yote. Ndiyo maana ya filimbi 3, tochi kubwa ya betri nne, na sufuria la ziada la kugonga.

Jumamosi

Tuliendesha usiku kucha kutoka Houston, zaidi ya kilomita 900, tukafika Basin asubuhi bila mtu kulala vizuri. Foleni ya dirishani, kupanga mabegi, kupanga upya, kubishana juu ya viti vya kukunja. Tulianza kupanda saa 8 mchana, jua likiwa limekaza. Maji: Kaka lita 6, mimi 5, Shem 4, Dogo 3. Jumla lita 18. Dumu la lita 20 tuliliacha garini "kwa ajili ya kurudi". Hakuna aliyeuliza kurudi kunahitaji dumu la nini wakati bomba liko hatua hamsini kutoka maegesho.

Njia ya Pinnacles inapanda zaidi ya mita 500 kwa zigizaga zisizoisha. Hewa ilikuwa kavu kiasi kwamba jasho halikuonekana. Linakauka kabla halijawa tone. Hiyo ni hila ya jangwa. Mtu wa Dar au wa Houston amezoea kuhesabu jasho kwa shati kulowa. Shati likikaa kavu, anadhani hajapoteza kitu.

Tulifika kiwanjani saa 1 na nusu jioni, korongo limeshaanza giza, baridi inakuja. Njiani tulikuwa tumekunywa lita 7. Zilibaki 11. Chemchemi tungeiendea asubuhi, mwanga ukiwepo. Hilo tulikubaliana bila mjadala. Kisha tukapika kama watu wenye kisima uani. Ugali, lita 2 za maji. Chai mbili mbili kwa kila mtu, lita 2 nyingine. Sufuria lilishika ukoko, Shem akalilowesha na kulisugua, lita 2 tena. Usinielewe vibaya, ugali ule ulikuwa mtamu kuliko wowote niliowahi kula nchi hii. Lakini chakula kile kilikunywa maji kuliko sisi wenyewe. Tulikuwa na maharage makavu pia, kilo nzima, ambayo hatukuyafungua. Kwenye mwinuko ule maji huchemka kwenye nyuzi 93 hivi badala ya 100. Yangetumaliza gesi kabla hayajaiva.

Usiache mbachao kwa msala upitao, walisema wazee. Sisi hata msala wenyewe hatukuwa tumeuona ukipita.

Dogo alikunywa kikombe kimoja cha chai, akakimwaga cha pili alipodhani hatumwoni. Nilimwona. Nilidhani haipendi bila maziwa.

Usiku ule baridi ilitupiga kuliko tulivyojiandaa, na sababu yake ni ya kawaida tu: hewa baridi ni nzito, huteremka kando za mlima kama maji na kutuama kwenye korongo. Tulikuwa tumelala kwenye bwawa la baridi. Asubuhi turubai la juu lilikuwa na ganda jeupe. Kichujio cha maji nilikuwa nimekiacha nje, kwenye mfuko wa pembeni wa begi, kikiwa na unyevu wa kukijaribu nyumbani. Vichujio vya namna hiyo vina nyuzi nyembamba zenye uwazi ndani, na maji yakiganda humo nyuzi hupasuka. Kwa nje huoni chochote. Kinaendelea kupitisha maji, ila huwezi tena kujua kinapitisha na nini kingine. Kilipaswa kulala nami ndani ya begi la kulalia.

Jumapili asubuhi

Niliporudi na nusu lita yangu, Shem alikuwa amekaa na Dogo kwenye jiwe. Kijana kanyamaza, midomo imekauka hadi inapasuka, kichwa kinamgonga. Kaka alidhani ni mwinuko. Shem hakubishana naye. Aliuliza tu, kwa sauti ya wodini:

"Dogo, haja ndogo umeenda lini mara ya mwisho?"

"Jana, Shem."

"Jana saa ngapi?"

Akaangalia chini. "Pale kwenye maegesho. Kabla hatujaanza."

Hapo ndipo yalipotoka yote. Tangu mchana alikuwa anajibana kunywa, ili usiku asilazimike kutoka hemani. Alijiona na tochi gizani, suruali magotini, na dubu nyuma yake. Kwa hiyo katika zile lita 7 za njiani yeye alikunywa moja tu. Chupa mbili kati ya zake 3 zilifika zimejaa, tukazimwaga kwenye sufuria la ugali, sote tukimsifu kwa kubana matumizi.

Mimi huliona hili kama kiini cha kisa. Maji hayakumwishia Dogo. Aliyakwepa, kwa sababu ya mnyama ambaye hakuja. Tulimwandalia dubu filimbi na sanduku la chuma na sufuria la kugonga, na kila tulipofanya hivyo tulimthibitishia kijana kwamba hatari iko nje ya hema. Hakuna hata mmoja wetu aliyemwambia jambo dogo kama: "Ukitaka kutoka usiku, niamshe."

Shem alichukua lita 1 katika zile 5, akaweka vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko cha chumvi kutoka mfuko wa jikoni, akamnywesha kidogokidogo. Wakati huo mimi na Kaka tukaanza kupima njia zilizobaki.

Ya kwanza ilikuwa kuendelea kama ilivyopangwa: kulala ukingoni, kushuka Jumatatu. Kwa kipimo ambacho hifadhi yenyewe inakitoa, galoni moja kwa mtu kwa siku, yaani lita 3.8, tungehitaji lita 20 hivi kufika chini. Tulikuwa na 5. Zilizopungua 15, kwa kasi ya tone langu la lita 1.2 kwa saa, zingetaka saa 12 na nusu za kuchuchumaa. Kisha zichemshwe, maana kichujio hakiaminiki tena. Na juu ya mita 2,000 maji yanapaswa kuchemka dakika 3 kamili, siyo moja. Tulikuwa na kopo moja la gesi, nalo lilishapika ugali. Zilikuwapo pia dimbwi mbili za maji yaliyotuama korongoni, meusi kwa majani ya mialoni. Yangechemshwa pia, na hapo ni kugombania kikombe na wanyama ambao hawana bomba Basin.

Ya pili: wawili washuke na kurudi na maji. Kilomita 7 kushuka, 7 kupanda na lita 10 kila mmoja. Njiani wangekunywa nne au tano wao wenyewe, wafike giza linaingia, na bado kibali cha usiku ule kiko ukingoni, mbele zaidi. Hii ingekuwa na maana kama tungekuwa tumekata siku mbili kiwanja kilekile. Hatukuwa tumekata.

Ya tatu ilikuwa ya Kaka, na sitaki kuidharau kwa kuwa leo najua mwisho wake. Alitaka twende ukingoni sasa hivi, tuuone, tushuke Laguna leo leo bila kulala. Zaidi ya kilomita 12 badala ya 7. Watu hutembea mzunguko ule wote kwa siku moja. Tatizo ni kwamba hao huanza wamekunywa, wamelala, na wana lita zao 4 mgongoni bila mahema. "Tumetoka Houston," alisema. "Kilomita mia tisa. Halafu turudi bila kuona?"

Nilikaribia kumkubalia. Naliandika hili waziwazi, maana kwenye masimulizi ya familia mimi ndiye niliyepima tone, kwa hiyo nahesabiwa upande wa wenye busara. Ukweli ni kwamba namba zote nilizozitaja nilikuwa nazo kichwani, na bado nilikuwa natafuta njia ya kuzizunguka. Kilomita 900 zilizokwisha kuendeshwa hazina lita hata moja ndani yake, lakini asubuhi ile zilikuwa na uzito kuliko begi.

Aliyemaliza ni Shem, kwa kumwuliza mumewe swali ambalo mimi nimeliweka juu kabisa ya kisa hiki.

"Baba, ulivyolala Barafu, maji ya chai yalitoka wapi?"

Kaka alinyamaza.

Kwa wasioijua njia ya Machame ya Kilimanjaro: Barafu ni kambi ya mwisho kabla ya kilele, mita 4,600 na zaidi. Haina maji. Maji ya mwisho yako bonde la Karanga, kambi ya nyuma yake. Kila chai inayonywewa Barafu, kila beseni la kunawia, limepandishwa na mpagazi kwa saa kadhaa. Kaka alilala pale mara 2. Alinawa mikono kwa maji ya moto mara 2. Alikuwa anajua majina ya mimea ya jangwa la alpaini na jina la kiongozi wake, na hakuwahi kuuliza lile beseni limetoka wapi. Si yeye peke yake. Mgeni wa Kilimanjaro huuziwa mlima ulioondolewa uzito wake. Anapanda kweli, miguu ni yake na pumzi ni yake, lakini hesabu ya kilo na lita hufanywa na wengine, jikoni, kabla hajaamka. Akirudi anajua mlima. Mpagazi ndiye anayejua safari.

Sisi tulikuja Chisos na uzoefu wa mgeni tukidhani ni uzoefu wa mpagazi.

Tulishuka. Ilituchukua saa 2 na nusu kwa njia ileile ya Pinnacles. Dogo alikojoa njiani, rangi ya chai ya rangi, Shem akampongeza kama mtoto wa chekechea. Kwenye maegesho Kaka alifungua buti, akalitoa lile dumu, akalikalia.

Tulipopima mabegi

Usiku huo tulipata chumba katika mji wa Alpine, na hapo ndipo nilipofanya jambo ambalo ningependa kila kundi lifanye kabla, badala ya baada. Tulimwaga kila kitu kitandani tukakipima kwa makadirio. Viti viwili vya kukunja, kilo 2. Tochi na betri, 1. Sufuria zito na mwiko na lile la kugonga, 2. Shoka dogo, 1, mahali ambapo kuni ni marufuku. Unga uliobaki na maharage, 2 na nusu. Jumla kilo 8 na nusu za vitu ambavyo havikutumika, au vilitumika kumaliza maji.

Safari nzima, kwa kipimo cha hifadhi, ilitaka lita 30 hivi. Tulibeba 18. Pengo lilikuwa lita 12, yaani kilo 12, na kilo 8 na nusu kati yake tulishazibeba tayari, kwa sura ya shoka na kiti. Ndiyo maana jibu la "mngebeba zaidi" haliniridhishi. Migongo yetu ilibeba vya kutosha kabisa. Kilichoamua kilichomo begini ni picha tuliyokuwa nayo ya usiku wa porini, na picha hiyo ilikuwa na dubu, moto na ugali. Haikuwa na bomba kavu.

Kuna jambo lingine ambalo wenyeji wa milima ile wanalifanya na sisi hatukulifikiria. Wale wanaotembea mzunguko mrefu wa Chisos, kilomita 48 hivi, unaoshuka hadi jangwani na kupanda tena, hawabebi maji yote. Kabla ya kuanza huendesha gari hadi ranchi ya zamani ya Homer Wilson, upande wa magharibi, wakaacha madumu kwenye masanduku ya pale, yenye jina na tarehe. Siku ya pili au ya tatu wanayakuta. Gari ndilo mpagazi wao. Hawakuuondoa uzito, waliupa mtu mwingine, wakijua wameupa.

Mimi nilifika kwenye jibu la namna yangu: usichague kiwanja kwa mandhari, kichague kwa umbali wake na bomba. Watu watanipinga. Watasema ukilala bondeni unakosa jua likizama ukingoni, na ukingo ule unasimama zaidi ya mita 600 juu ya jangwa, hauna mfano Texas yote. Wana haki yao. Mimi nitauona mchana.

Tulirudi Novemba hiyohiyo. Viwanja vya Boulder Meadow, kilomita 2 na nusu hivi kutoka maegesho, usiku 2 mahali palepale. Mkate, karanga, tende, samaki wa kopo. Sufuria moja dogo la chai. Jioni ya kwanza mimi na Dogo tulishuka na kupanda na lita 10 kila mmoja, mzigo ukivuta mabega, na nilimsikia akihesabu hatua kwa sauti ya chini. Siku ya pili tuliacha mahema yamesimama, tukaenda ukingoni na lita 5 kila mtu. Boot Spring ilikuwa inatiririka. Kaka alikinga chupa ya nusu lita, ikajaa kabla hajamaliza kukohoa. Akaimwaga. "Nilikuwa nataka kujua tu," akasema. Ukingoni tulikaa saa nzima. Magharibi lilionekana lile pengo la korongo la Santa Elena, mto umejificha ndani yake. Kusini Meksiko, safu baada ya safu, hadi macho yanachoka.

Usiku wa pili, kama saa 8, zipu ya hema ya Dogo ilifunguka. Nikasikia hatua 3, 4, kisha kimya, kisha mwanga wa tochi ndogo ukasimama mahali pamoja muda mrefu.

"Dogo?"

"Nipo, kaka."

"Kuna nini?"

"Paa," alinong'ona. "Mdogo. Ananiangalia." Kisha baada ya muda: "Ameondoka."

Maji yakamwagika kwenye changarawe, kwa muda mrefu tu. Halafu nikasikia kifuniko cha chupa kikifunguliwa.